Kaktasi Pipa ya Bi Mwajabu

Jumatatu, 3 Februari
Nimeipata! Ilikuwa dukani kwa Bi Mwajabu, muuza vitenge wa hapa Kasulu mjini. Mviringo, kijani, miiba imepinda kama ndoana. Yeye anadai ni mnyaa tu ulionenepa. Dada yake aliuleta kutoka Tanga. Nikanong'ona kwamba naomba kuuazima kwa ajili ya shule. Akasema chukua, mwanangu, kabla haujamtoboa mteja mwingine, ila urudi hai.

Mpango: Ijumaa ya wiki ijayo Mwalimu Anania wa baiolojia atachagua mradi mmoja wa kidato chetu uende maonyesho ya Kibondo. Mimi kusimama mbele za watu siwezi. Mmea utasimama badala yangu.

Jumanne, 4 Februari
Uchunguzi. Nimechoma kwa pini mnyaa wa uzio wetu: maziwa tele. Nimechoma mmea wangu: tone la majimaji tu! Tena kila fungu la miiba limeota kwenye kidoa cha manyoya. Kitabu cha maktaba kinathibitisha: kaktasi pipa, mwenyeji wa jangwani. Ikinywa maji mbavu zake hutanuka, ikikauka hujikunja, kama kinanda cha mkono cha kwaya yetu. Ajabu tupu! Nimeitazama mpaka Mama akauliza kama nasubiri inisalimie.

Jumatano, 5 Februari
Mvua kutwa. Kitabu kinasema maji mengi huiozesha, basi nimeifunika kwa beseni. Mama akafunua, akaimwagia kikombe kizima. Eti hakuna kiumbe kitakachokufa kwa kiu nyumbani kwake. Nimeihamishia chini ya kitanda. Nimechomwa vidole vyote. Miiba ya ufundi mkubwa!

Sylvesta, ninayekaa naye dawati moja, ameiita nanasi lililogoma. Yeye ana shamba la miche ya mihogo, yote kutoka shina moja. Mwalimu kamsifu: mradi ni kitu kinachozaa, mmea mmoja ni pambo.

Pambo!

Alhamisi, 6 Februari
Kitabu kinasema kaktasi hii hupandwa kwa mbegu, na hukua polepole mno. Mwandishi hajafika Kasulu. Huku tunakata mhogo, tunakata viazi, tunakata mnyaa, na vyote vinaota. Nimekata vipande vinne. Ndani ni nyeupe yenye ukijani, kama tango. Nzuri hata ikiwa vipande! Nimevichomeka kwenye makopo ya samadi ya mbuzi, nikamwagilia.

Ijumaa, 14 Februari
Uji. Vyote vinne. Sylvesta alibana pua, akauliza haya ni maonyesho au msiba. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akainama, akagusa ubavu uliobaki, akauliza ni nini. Nikanong'ona habari za kinanda na jangwa, zote! Akasema hajawahi kuugusa mmea huo maishani. Sylvesta ndiye atakayekwenda Kibondo. Lakini nikileta nyingine iliyo hai kufikia Jumatatu, nami nitapanda gari.

Jumamosi, 15 Februari
Nimemweleza Bi Mwajabu yaliyotokea. Akacheka mpaka akakalia vitenge vya watu. Kumbe ana nyingine nyumbani, kubwa kama ndoo, na utosini ua la njano! Sijawahi kuona kiumbe kizuri hivi. Akaniapisha kwamba kisu hakitaigusa. Nimeapa, mkono juu.

Na kisu hakitaigusa. Baba ana msumeno.