Madirisha ya Bosi

Jumatatu, 6 Oktoba. Riyadh.
Bosi amejenga nyumba kama ile aliyopanga Uingereza akisoma: nyembamba, ghorofa nne, bomba la moshi juu. Bomba la moshi, Riyadh! Sisi walinzi hatuulizi. Lakini leo nimegundua dirisha moja la mbele, la kushoto, ni plasta tupu iliyochorwa vioo vyeusi. Mafundi wamemla Bosi mchana kweupe. Nitamfumbua macho. Anatafuta mtu wa kutunza nyumba yake ya kale Balad, Jeddah, na Selipher wangu anafanya kazi Sharafiya, mtaa wa huko huko Jeddah. Tumechoka kupendana kwa simu. Lazima niende mimi, si Robinson dereva.

Jumatano, 8 Oktoba.
Bosi amecheka. Eti Waingereza waliwahi kutozwa kodi ya madirisha, wakayaziba. Wengine walichora ya uongo ili ukuta ulingane kushoto na kulia. Sijaelewa. Dirisha la kutoonea nje? Robinson akaitikia kwa kichwa kama profesa. Mnafiki.

Ijumaa, 10 Oktoba.
Nimepata! Yalingane! Alfajiri nimepanda ngazi, nikapaka dirisha la kulia rangi nyeusi. Kumbe ni chumba cha Madam, mke wa Bosi. Amelala hadi adhuhuri akidhani bado usiku. Alikuwa amealikwa kwa mama mkwe.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Madam hataki kuniona tena Riyadh. Bosi ananipeleka Jeddah. Nimeshinda! Kosa moja zaidi, akasema, halas, narudi Kenya. Robinson ameniuliza kama najua hii ni adhabu. Wivu tu.

Jumatano, 15 Oktoba. Jeddah.
Nyumba ya mawe ya matumbawe, imeegama kidogo. Madirisha ni makabati makubwa ya mbao yaliyotokeza nje, wanayaita roshani. Hakuna mawili yanayolingana. Kichwa kinaniuma. Nimempigia Selipher. Madam wake amempa ruhusa Ijumaa, tutakula pamoja. Nimefurahi hadi nikakosa usingizi. Akaniambia, "Wesley, nakuomba tu, usiguse kitu mpaka tuonane."

Alhamisi, 16 Oktoba.
Maskini Bosi. Roshani zote zimejaa vitundu. Mchwa! Tena mchwa wa hapa wana adabu ya ajabu, wanatoboa kwa mpangilio, nyota na maua. Selipher hakujua hali ni mbaya hivi. Nimeziba vyote kwa unga wa mbao na gundi, hata kimoja hakikubaki. Ndani kumekuwa na joto kali, sijui kwa nini. Bosi anafika kesho asubuhi. Nimemwambia Selipher achague mkahawa mzuri. Kesho huenda tukasherehekea cheo.