Ombi la Kuisahau Upya Santuri ya Maendeleo

Robi Nashoni,
Kata ya Kemambo,
Tarime.

Ndugu Afisa Utamaduni wa Wilaya,

YAH: KUOMBA SANTURI ILIYOVUMBULIWA NYUMBANI KWANGU ISAHAULIWE UPYA

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, nimeipokea kabla hujaitoa.

Mimi ni Robi, mke wa Mzee Nashoni, mkulima na mfugaji wa huku Kemambo. Sijawahi kuisumbua serikali. Hata kalavati letu liliposombwa na maji nilinyamaza, nikapita shambani kwa watu. Lakini hili la santuri limenifika hapa shingoni, na nakuandikia kwa heshima zote huku nimekasirika kweli kweli.

Miaka ya sabini mume wangu alikuwa na bendi, Radi ya Kemambo, vijana wenye nywele kubwa na suruali za kufagia barabara. Walitoa santuri moja tu, yenye wimbo mmoja tu, "Bado Tunaendelea", unaoanzia upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili. Redioni haukupigwa, maana ukiuanzisha, taarifa ya habari inakupita. Bendi ikafa, santuri zikapotea, sote tukasahau, tukaishi kwa amani.

Masika yaliyopita akaja kutusalimia Mwalimu Venant, kijana wa Bukoba aliyepangiwa shule yetu. Nikamkaribisha maziwa ya mgando. Nilipofunua chungu, kijana wa watu hakupokea kikombe. Alishika mfuniko, akapiga magoti, akaanza kulia. Mfuniko wenyewe ndiyo hiyo santuri. Tundu la katikati nilikuwa nimeliziba kwa gunzi, na gunzi ndilo lilikuwa mshikio. Akaniambia watu wa Ulaya na Japani wameitafuta miaka na miaka. Nikamwambia, si wangeuliza?

Akaiogesha kama mtoto mchanga, akaiweka kwenye mashine yake, na ikaimba. Tangu siku hiyo nina malalamiko yafuatayo:

1. Chungu changu kiko wazi. Nimejaribu sinia, linateleza. Nimejaribu kitenge, paka anakiona ni mlango. Mwalimu ameniletea mfuniko wa plastiki, wa rangi ya waridi! Na maziwa hayagandi kama zamani. Nina hakika yalishazoea muziki wa roki.

2. Mume wangu ameharibika. Amelishusha gitaa lake kutoka darini, anafumba macho na kukwaruza uzi mmoja mpaka chai inapoa. Nikimwomba akachanje kuni, anasema yuko katikati ya sehemu ya tatu. Hata ukimuuliza habari za asubuhi, anaanza polepole, anapanda, anashuka, kisha anarudi mwanzo.

3. Watoto wa shule hawajui tena kuhesabu. Mwalimu Venant anasema wimbo huu unakwenda kwa mapigo saba, hivyo darasani anapiga meza moja mpaka saba na kurudia. Mjukuu wangu nilimtuma mayai nane akaniletea saba na moja, mikono tofauti. Nikimsahihisha ananitazama kwa huruma.

4. Ng'ombe wangu hawashibi. Mwalimu akiupiga wimbo kwa yale maspika yake, ukifika mahali fulani pale katikati, ng'ombe wote wanaacha malisho ng'ambo ya mto na kuja mbio mpaka mlangoni kwake. Wanasimama pale wamesimamisha masikio, na ile sehemu ikipita wanarudi. Mwalimu anasema mifugo ya Tarime ina usikivu wa hali ya juu. Mimi nasema ina njaa.

5. Hili ndilo kubwa, Ndugu Afisa. Mwalimu alitueleza kuwa kwa Kiingereza muziki huu ni progresivu, akautafsiri: roki ya maendeleo. Mura! Neno hilo huku kwetu halisemwi ovyo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Machage, aliliingiza kwenye ajenda siku hiyo hiyo. Sasa kuna Kamati ya Maendeleo ya Santuri, ina katibu, ina mhuri, na ina vikao virefu kuliko wimbo. Siku kamati ilipouzindua wimbo, wifi yangu Veronika alitoka Nyansurura kote huko na ndoo zake mbili, akijua tunazindua maji. Alikaa jua kali akasikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, akauliza bomba liko wapi, akaambiwa santuri inageuzwa. Machage akamuuliza Mwalimu mradi utakamilika lini. Mwalimu akajibu kwamba muziki wa namna hii hauna haja ya kufika popote, uzuri wake ni kule kuendelea. Machage akasimama akampa mkono, akasema sasa ameamini kuwa haya ni maendeleo yale yale tunayoyajua.

6. Tumeingia kwenye ugomvi wa kimataifa. Pale pale katikati ya wimbo wanapokuja ng'ombe, kuna sauti inapanda juu ya magitaa, ndefu, mpaka mtu anasisimka. Mwalimu ameuweka wimbo kwenye mtandao, na huko wanatukanana kwa ajili ya sauti hiyo. Mjapani anasema ni kinanda cha umeme. Msweden anasema ni pembe. Revocatus, fundi redio wa Morotonga, anasema ni sindano mbovu ya mashine ya santuri. Mwalimu alimuuliza mume wangu, mwenye wimbo wake, naye akajikuna kichwa akasema pengine kilikuwa kinanda cha padre. Basi Mwalimu akaandika: "Ala isiyojulikana." Dunia nzima imesoma. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia la viazi, na hakuna aliyegeuza shingo kuniuliza.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iagize yafuatayo: santuri irudi kwenye chungu, gunzi lirudi kwenye tundu, kamati ivunjwe, Mwalimu Venant ahamishiwe mahali ambako watu hawakuwahi kuwa na bendi, na wananchi wote watangaziwe rasmi kusahau. Ukihitaji mashahidi, ng'ombe wapo.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mama watoto, na dereva wenu aliyekwama kwetu mwaka juzi. Viazi vyake bado nimemwekea.

Ni mimi mwenye chungu wazi,
Robi Nashoni

Nilichosahau: Ile sauti si ala. Ni mimi. Walirekodia uani kwa baba yangu, kwa kuwa jenereta ya misheni ilikuwa jirani, nami nilikuwa nyuma ya zizi naita ndama warudi, sijui kama mashine imewashwa. Fundi wa kurekodi akasema iachwe humo humo. Santuri haijatoka hata kiwandani, Nashoni akaja na ng'ombe wa mahari, akimwambia baba kuwa ni sauti ile ndiyo iliyomleta. Leo ni kinanda cha padre! Imeniuma, Ndugu Afisa, sikufichi. Ng'ombe wamenijua wakiwa ng'ambo ya mto, na yeye ninalala naye kitanda kimoja.

Basi usiisahaulishe kwanza. Mwambie Mwalimu afute ile "isiyojulikana" na aandike: Sauti, Robi Gidion. Hilo ndilo jina nililokuwa nalo siku ile. Mwalimu asihamishwe, ila maspika ayageuze yaelekee huku kwangu. Mfuniko wa waridi unatosha.