Nani Atamletea Baba Filamu

Jumatatu, 6 Februari 2012

Curtis amenitangulia. Nimefika kwa Baba asubuhi na sufuria ya supu, nikamkuta shemeji yangu kapiga magoti mbele ya televisheni, makalio juu, anaunganisha kisanduku cheusi. Eti kuanzia leo Baba atatazama filamu yoyote anayotaka bila kuinuka kitini. Zinakuja kwa intaneti. Hakuna diski, hakuna kurudisha, hakuna kungoja. Akaendelea kunieleza mambo ya nyaya na simu, sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama dada yangu Janelle, aliyekuwa akimtazama mumewe kama vile ndiye aliyevumbua umeme.

Hali ni hii. Baba alivunjika nyonga mwezi wa kumi. Daktari amesema msimu mwingine wa baridi hawezi kuishi peke yake. Theluji ikianza kuyeyuka ataamua: ahamie kwangu, au kwa Janelle na Curtis. Atakayekaa naye ndiye atakayeachiwa nyumba ndogo ya ziwani. Hakuna aliyelitamka hilo. Wote tunalijua.

Mimi naishi ghorofani, juu ya duka la viatu lililofungwa. Ngazi ni kali kidogo. Jambo dogo.

Baba anapenda kitu kimoja: filamu za farasi. Jangwa, wanaume wasiosema sana, risasi mbili tatu, basi. Atakayemletea filamu ndiye mwana. Imekuwaje Curtis akaligundua hilo kabla yangu, mimi niliyelelewa mbele ya farasi hao hao?

Sijakata tamaa. Alasiri nimejiandikisha kwenye kampuni inayotuma filamu kwa posta. Jina la Baba, anwani ya Baba. Mzee wa miaka themanini na moja ataiamini bahasha kuliko kisanduku.

Alhamisi, 9 Februari

Bahasha imefika. Maelezo yalisema farasi, nyika na mapambano ya kufa na kupona. Kumbe ni filamu ya mafunzo kuhusu ugonjwa wa kwato. Anayepambana ni daktari wa mifugo. Anapambana na usaha.

Nilitaka kuizima. Baba akakataa. Akaitazama hadi mwisho, kisha akasema ni afadhali hii kuliko ile ya Curtis, ambayo husimama kila dakika na kuweka kiduara kinachozunguka. Jana farasi aliganda hewani, miguu juu, na Baba alimngoja atue hadi kahawa ikapoa.

Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Ushindi.

Baadaye Janelle akanipigia simu, mkali. Kumbe leo Baba ameanza kusimulia habari za kwato kwa Doreen, mama wa posta. Doreen ana binamu anayefuga farasi. Wamezungumza mlangoni, mlango wazi, baridi hii ya Minnesota, mpaka mabomba ya jikoni yakakaribia kuganda. Eti kosa ni langu.

Nyuma yake nilimsikia Curtis akisema kwamba kwa mwendo wa posta, filamu ya tatu itamkuta Mzee kaburini. Kisha nikasikia "aa!" fupi. Nadhani Janelle alimkanyaga.

Jumamosi, 11 Februari

Mbinu mpya. Posta ni salama lakini ina kobe ndani yake. Intaneti ni ya haraka lakini ina kiduara. Katikati ya hizo kuna mashine. Ile kubwa iliyosimama nje ya kituo cha mafuta: unachagua, unalipa kwa kadi, diski inatoka kama mkate. Unairudisha kesho yake. Nani amewahi kukishukuru kisanduku? Lakini mtoto aliyetoka kwenye theluji na filamu mkononi, huyo anashukuriwa.

Theluji ilikuwepo. Upepo pia. Kioo cha mashine hakisikii kidole kilichovaa glavu. Nikavua glavu. Baada ya muda hakikusikia kidole kabisa, na mimi nikawa sikisikii pia. Kila nilipofika kwenye farasi, kidole kiliteleza nikarudishwa kwenye mapenzi. Nyuma yangu mama mmoja na binti yake walikuwa wakingoja, na yule binti akisoma kwa sauti kila jina nililoligusa kwa bahati mbaya.

Ndipo gari la Curtis lilipoingia kuweka mafuta. Akateremsha kioo. Ndani joto, redio inaimba.

"Shemeji," akaniita, "unaomba sadaka kwenye jokofu?"

Yule mama akacheka. Hata binti.

Nimepata filamu hatimaye. Ina farasi mmoja, na anakufa mapema. Baba alisinzia kabla farasi hajafa.

Jumapili, 12 Februari

Siku mbaya. Janelle alileta chakula cha oveni, nyama ya kusaga na viazi juu yake, tukala sote kwa Baba. Baada ya chakula Curtis akatangaza kwamba ameongeza kasi ya intaneti. Akawasha. Hakuna kiduara. Farasi walipita kama maji ya mfereji.

Baba alitazama filamu mbili mfululizo. Curtis alikaa naye kwenye kochi akila karanga za Baba kutoka bakuli la Baba, mguu juu ya meza ya Baba. Walikuwa wakibishana nani atapigwa risasi kwanza. Kuna wakati Baba alimpiga Curtis begani akamwita "kijana wangu".

Kijana wangu! Ana kipara.

Mimi niliosha vyombo. Hakuna aliyeniita. Nilipomaliza niliosha tena sufuria iliyokuwa safi.

Jumatatu, 13 Februari

Nimefanya. Ni jambo la sekunde chache na halimdhuru mtu.

Baba alipoingia bafuni, nilipitisha mkono nyuma ya meza ya televisheni, nikaushika waya unaoingia kwenye kisanduku cha intaneti, nikauvuta. Nikauacha umeegemea tundu lake, kama bado umo. Taa ikazimika. Baba akatoka akiburuza mkongojo wake wa miguu minne, akauliza kwa nini nimekaa sakafuni. Nikamwambia natafuta karanga.

Mpango: kesho Mzee anawasha, hakuna kitu. Anamlaumu Curtis. Jioni naingia mimi na diski ya mashine mfuko mmoja, bahasha ya posta mfuko mwingine. Mwokozi.

Jumanne, 14 Februari

Sikukuu ya wapendanao. Mji mzima umejaa maua, nami sina wa kumpa.

Saa sita mchana nilimpigia Baba simu ya nyumbani, kusikia kama ameanza kulalamika. Haikuita hata kidogo. Simu ya mkononi aliyonunuliwa na Janelle hakaai nayo. Huiweka kwenye droo ya vijiko. Nikafikiri kwenda. Kisha nikafikiri, nikienda mapema mno nitaonekana nina haraka. Mwache kiu imkolee kwanza.

Nimekwenda kwenye mashine kuchagua filamu kwa utulivu. Nimepata nzuri. Farasi wengi, wote hai.

Jumatano, 15 Februari

Baba alianguka.

Jana asubuhi, jikoni, akifuata kahawa. Alijikokota hadi kwenye simu ya ukutani, akaivuta kwa mkongojo ikamwangukia. Haikuwa na sauti. Akalala pale sakafuni kwenye vigae, na baridi, mpaka Doreen alipofika na bahasha. Siku zote Baba humsubiri dirishani. Jana dirisha lilikuwa tupu. Doreen akazunguka nyuma ya nyumba akikanyaga theluji hadi magotini, akachungulia, akaona soksi.

Mimi wakati ule nilikuwa njiani na farasi wangu hai. Nikakuta gari la wagonjwa linaondoka.

Ni nyonga ile ile. Wamemfanyia upasuaji leo. Daktari anasema moyo wake ulistahimili vizuri. Anasema pia kwamba lau angecheleweshwa zaidi kidogo, asingekuwa na la kusema.

Sijala.

Ijumaa, 17 Februari

Sasa nimeelewa. Tangu Curtis alipoweka intaneti, simu ya Baba inapita kwenye kisanduku kile kile. Kampuni inauza vyote kwa pamoja. Curtis anasema alitueleza sote siku ile ya kwanza. Labda alieleza. Nilikuwa namtazama Janelle.

Lakini hajui kilichotokea. Anadhani fundi aliyekuja kuongeza kasi aliulegeza waya. Tena anajilaumu mwenyewe: eti angeiacha simu ya Mzee kwenye laini yake ya zamani, yote haya yasingetokea. Leo nimemkuta kwenye korido ya hospitali karibu na mashine ya kahawa, amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Curtis, mwenye mdomo mrefu kama barabara kuu. Nikasimama nyuma yake. Nikawa na sentensi mdomoni, nzima, imekamilika. Nikamwuliza kama anataka sukari.

Kisha nikaingia kwa Baba. Alikuwa amelala chali, bila meno, mdogo kuliko kitanda. Nilidhani amelala usingizi. Nikakaa. Baada ya muda akasema, macho bado yamefumbwa:

"Waya ule haukujitoa wenyewe, Arlen."

Nikasema huenda ni panya.

"Panya huyo nilimsikia akihema nikiwa bafuni," akasema Baba. "Anahema kama marehemu mama yako."

Nikageukia mlango. Nje wauguzi walikuwa wakisukuma kigari cha chakula, kikapita, kikaisha.

"Ulitaka nini?" akauliza.

Nikamwambia nilitaka nimletee filamu mimi.

 Kisha akasema filamu zinaletwa na kila mtu siku hizi. Intaneti inaleta, posta inaleta, mashine inaleta. Wewe ukizileta, akasema, huvui hata koti. Unaweka diski, unauliza kama ni nzuri, unaondoka kabla ya wale farasi kufika mtoni. Yule mwenye kipara angalau anakaa.

"Sikuwa na shida ya filamu," akasema.

Akafumbua macho akaniagiza nimwambie Curtis ukweli, kwa sababu hapendi kuona mtu mzima akilia kwa kosa la mwingine. Nikamwahidi. Akasema yeye hatamwambia Janelle. Hilo ni langu. Akalala.

Jumamosi, 18 Februari

Sijamwambia Curtis. Leo alikuwa na haraka.

Nimeyatafakari maneno ya Baba kwa makini. Anajua, na hajanisema kwa Janelle. Baba asiyemtaka mwanawe angemtaja mara moja. Kwa hiyo amenichagua. Sioni tafsiri nyingine.

Halafu kuna hili: ni nani aliyemwokoa? Ni Doreen. Doreen alimletea nini? Bahasha. Bahasha ilitoka kwa nani? Nimemweleza Janelle hoja hii pale hospitalini, polepole, hatua kwa hatua. Akanitazama mpaka nikaanza kuitafuta glavu yangu ambayo nilikuwa nimeivaa.

Jumapili, 26 Februari

Baba ameamua bila kungoja theluji iyeyuke. Amehamia kwa Janelle na Curtis, chumba cha chini, karibu na bafu. Nilimwuliza sababu. Akasema ngazi. Neno moja tu, basi. Nyumba ya ziwani hakuitaja, nami nilijikaza nisiitaje. Niliitaja mara moja. Akasema paa lake linavuja.

Curtis amenipa ufunguo wa mlango wa nyuma, niingie nitakapo. Tangu ile siku amekuwa mpole kwangu hadi inatia huzuni. Ananitilia kahawa. Hanitanii tena. Alipokuwa akinipa ufunguo alisema yeye ndiye aliyemwangusha Mzee na hatajisamehe. Nikasema yaliyopita si ndwele. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Nitamwambia wiki ijayo, akiwa amepata nafuu.

Mchana Baba aliomba nibaki naye, tutazame filamu nzima, wawili tu. Nikavua koti. Nikalitundika mahali atakapoliona. Ilikuja kwa intaneti, safi, bila kusita. Farasi walifika mtoni, wakavuka. Baba alikuwa ameshika kiwiko changu, kama mtu aliyekaa pembeni ya mtumbwi. Mkono wake ni mifupa na joto.    Alisinzia kabla ya risasi ya mwisho, akiwa bado kanishika.

Niliketi bila kusogea mpaka vidole vyake vilipolegea. Kisha nikanyata hadi chumba cha kufulia. Kisanduku chao cha intaneti kiko nyuma ya mashine ya kufua, waya mmoja wa bluu, unafikika kirahisi. Safari hii sikukurupuka, sikuugusa bado. Nilipokuwa nikiaga nilimwuliza Janelle, kwa njia ya mzunguko, na amenihakikishia kwamba simu yao haipiti humo.