Agizo la Kengele Tatu

Ilitangazwa kwa vipaza sauti na kwa waraka wenye mihuri minne: Idara ya Vibali imekomesha uzembe, milele na milele.

Chanzo kilikuwa ziara. Mkurugenzi alikwenda chumba cha mitambo, fundi akamweleza jinsi programu ya vibali inavyoendeshwa. Imefungashwa kwenye kontena, kasha la ndani ya kompyuta, pamoja na kila inachohitaji, na nakala zake tano zinafanya kazi ileile. Juu yao kuna msimamizi, naye ni programu vilevile, anayeziita kila mara. Isiyoitika mara tatu inaondolewa, inawekwa nyingine, idadi inabaki tano. Hakuna kikao wala machozi.

"Kumbe!" Mkurugenzi alipiga paja. "Na mimi hapa nalea watu!"

Jumatatu kila meza ikawa na kengele na kitufe, na mtambo wa kuwaita watumishi: asiyebonyeza hadi kengele ya tatu anaondolewa, anawekwa mwingine. Fundi aliuliza kwa adabu, "Mkuu, wewe tukutoe kwenye orodha?"

"Kwani nina kasoro gani? Niandike wa kwanza!"

Aliyepatikana ni Mzee Faili, karani wa masjala, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Masikio yake yalimtupa mkono zamani. Siku ya kwanza zililia kengele mbili hana habari. Ya tatu jirani alimpiga kiwiko.

"Miaka thelathini na moja," alimlalamikia mkewe, "leo nifukuzwe na kengele!"

"Si uishike, baba watoto?"

Basi alishinda kiganja kikiwa juu ya kengele. Ikitetemeka tu, anabonyeza. Hakugusa faili hata moja wiki nzima, na ripoti ya mtambo ikamtaja kuwa mtumishi mzima kuliko wote. Mambo ya serikali hayo!

Alhamisi ya wiki iliyofuata, baada ya chakula, Mkurugenzi aliingia "kikao cha ndani", yaani kochi. Kengele yake ililia. Ikalia. Ikalia tena. Mkoromo wake ulisikika hadi masjala.

Mtambo haujui kuona haya. Ulichapa barua mbili: ya kumwondoa Mkurugenzi, na ya kumweka mtumishi mzima kuliko wote.

"Mchimba kisima..." fundi alianza, akayameza yaliyobaki. Wapagazi walilitoa kochi pamoja na mwenyewe, wakaliweka ukumbini, mwisho wa foleni ya wananchi.

Alipozinduka Mkurugenzi alivamia ofisi yake ya zamani akifoka. Mzee Faili, kwenye kiti kipya, aliutazama ule mdomo mpaka ukachoka. Kisha akasoma maelekezo ya kuwajibu wananchi pale mezani, yaliyoandikwa na Mkurugenzi mwenyewe.

"Tunalifanyia kazi," alimwambia. "Njoo kesho."