Kura ya Kusikika

Kwa niaba ya Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Kastrovrisi, ninatangaza kwamba uchaguzi wa bunge wa mwaka huu ulikuwa huru, wa haki, na wa kusikika. Wanaosema vinginevyo hawakuwapo kanisani kura zilipopigwa. Mimi nilikuwapo, tena mbele kabisa, kwa kuwa ndimi Katibu Msaidizi wa wilaya na Mwenyekiti wa Kamati ya Uchaguzi.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mheshimiwa Agisilaos Kontaratos, mbunge wetu wa siku nyingi, mtu mwenye masharubu ya kuheshimika na koo la hotuba. Wa pili ni Kleanthis, mwenye duka la dawa, ambaye humpa dawa ya kikohozi hata asiye na kitu, jambo ambalo Ofisi inalitazama kama rushwa. Kwetu mbunge akianguka haanguki peke yake. Huanguka na katibu, mpima tumbaku, karani wa posta na hata mfagiaji wa korti. Kleanthis akishinda, unga wangu umemwagika, nami nina mabinti wa kuoza. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa na upande.

Sasa, tatizo la kitaifa. Kila mgombea ana sanduku lake. Mpiga kura hupewa gololi ya madini ya risasi, akaingiza mkono kwenye bomba la sanduku hadi kiwiko, akaiachia kulia, penye rangi nyeupe, yaani namtaka, au kushoto, penye nyeusi, yaani simtaki. Ndani pametandikwa kitambaa kizito ili pasisikike kitu. Matokeo yake, serikali inayowapenda raia wake hushinda kutwa bila kujua wanawaza nini. Huo si utawala, huo ni upigaji ramli.

Mheshimiwa aliliona hilo kabla yetu sote.

"Bwana Katibu," aliniambia huku akimenya chungwa, "mimi siogopi kukataliwa. Naogopa kukataliwa kimyakimya."

Papo hapo tukaunda Kamati Ndogo ya Ufundi, yaani Sajini Tzavaras na nyundo yake. Aling'oa kitambaa upande mmoja wa sanduku la Mheshimiwa, akagongomea bati la kopo la mafuta ya zeituni. Gololi ya kukataa ikianguka, bati litalia. Atakayeliliza atawekwa ndani siku hiyohiyo, mwanawe atapelekwa jeshi la mpakani, na mbuzi wake watakamatwa kwa uzururaji.

"Yeyote yule?" Sajini aliuliza. Ni mtu anayependa amri iliyonyooka.

"Yeyote, hata awe nani," alijibu Mheshimiwa.

Tukamtuma mpiga mbiu aitangaze amri hiyo mji mzima, maana sera isiyotisha mtu ni ushauri tu.

Jumapili ya kura, kanisa la Mtakatifu Paraskevi lilijaa hadi uani. Mheshimiwa aliketi kando ya sanduku lake, ametega sikio. Heshima ya kuanza alipewa Pantazis, aliyemsimamia ndoa, yaani kumbare wake, ambaye kwetu ni zaidi ya ndugu wa damu. Pantazis akaingiza mkono, akatabasamu, akaachia.

Ngwaaa!

Kanisa zima lilishtuka. Padri akaangusha mshumaa.

"Hata wewe, kumbare?" Mheshimiwa alisema.

"Nini hata mimi? Nimekupa nyeupe!"

"Wote husema hivyo," alisema Sajini, akamshika kwapani.

"We Sajini una wazimu? Mtoto wake nimembatiza mimi!"

Akatolewa. Akafuata Zisis mwokaji, ambaye tanuri lake lilijengwa kwa hisani ya Mheshimiwa. Ngwaaa! Akaja Fondas, mpima tumbaku. Ngwaaa! Nao wakaenda mahabusu wakiapa kwa watakatifu wote waliochorwa ukutani. Iliniuma sana kuona watu wa karibu wakiwa wanafiki kiasi hicho.

Nilitoka uani kidogo kuvuta hewa, nikasikia minong'ono kwenye foleni.

"Upande mweupe umetiwa mdomo, jamani."

"Sasa mimi nilitaka kumpa, nifanyeje?"

"Mpe nyeusi, uwahi nyumbani. Unataka mwanao akalinde theluji?"

Kamati haisikilizi uvumi, kwa hiyo nilirudi ndani.

Kuanzia hapo kukatawala ukimya mtupu. Mtu anaingiza mkono, kimya. Mwingine, kimya. Uso wa Mheshimiwa ukaanza kurudiwa na rangi. Alipofika Mzee Stamos, mchungaji ambaye amemtukana hadharani tangu malisho ya kijiji yalipogeuka shamba la Mheshimiwa, Sajini alikwisha kunja mikono ya shati. Mzee akaachia gololi. Kimya.

Mheshimiwa alisimama, akambusu mashavu yote mawili. "Mzee Stamos! Hata wewe umenielewa?"

"Nimekuelewa siku nyingi, mwanangu," alisema mzee, akijifuta shavu.

Mimi pia nilipiga kura, kwa ukimya unaokistahili cheo changu. Nina mbuzi.

Jua lilipoanza kushuka, Mheshimiwa alikuwa akilia kwa furaha. Alisema hajawahi kupendwa namna hii. Alitaka kura ya mwisho iwe yake, apige muhuri kwa mkono wake mwenyewe. Akapandisha mkono wa koti, akaingiza mkono, akatuangalia sote kwa upendo.

Ngwaaa!

Sajini alikuwa tayari ameshapiga hatua.

"Sajini, ni mimi!"

"Naona, Mheshimiwa. Yeyote, hata awe nani."

"Lakini nimejichagua mwenyewe!"

"Kumbare wako naye alisema hivyo asubuhi."

"Mwacheni jamani," Mzee Stamos alipaza sauti kutoka mlangoni. "Kama hajitaki, si haki yake?"

Kanisa lilicheka hadi Padri akageukia madhabahu ili asionekane. Mheshimiwa akatolewa.

Tulipofungua sanduku, bati lilikuwa likimeta upande mweupe. Nilimhoji Sajini. Alieleza kwamba aligongomea kushoto kama alivyoagizwa, akiwa amekaa nyuma ya sanduku, penye kimlango. Rangi ziko mbele. Kamati Ndogo ya Ufundi ilijichunguza, ikajikuta haina kosa, na taarifa hiyo nimeitia saini. Hiyo na ya tangazo hili ndizo saini zangu za mwisho ofisini. Moyo uliniuma, sitaficha.

Wajibu ni wajibu. Nilikwenda mahabusu, nikasimama nje ya nondo, nikamtangazia Mheshimiwa kwamba Kleanthis ndiye anayekwenda bungeni Athene.

Alizishika nondo kwa mikono miwili. "Na kura zangu? Kura zangu ziko wapi?"

"Ziko nyuma yako, Mheshimiwa."

Akageuka. Pantazis, Zisis na Fondas walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamekunja mikono, wakimwangalia. Kisha Pantazis akasogea kidogo, akapigapiga ubao kando yake.

"Karibu, kumbare," alisema. "Sasa tumetimia."