Yah: Kunyimwa Chakula Simbilisi Wetu

Wembley, Jumatatu

Kwako mwanangu Daktari Kalpana,

Pokea salamu na heshima zangu. Mamako Bi Lata amenihakikishia kuwa Kiswahili unakisoma vizuri, basi huna pa kujificha. Mimi ni bibi yake Suad, yule msichana aliyekuletea simbilisi wiki iliyopita, mnyama mdogo wa manyoya asiye na mkia. Ulimpima ukasema amenenepa kupita kiasi, ukamwandikia nyasi kavu kutwa, majani mabichi kikombe kimoja, na vitamu marufuku. Mwanangu Mwadini, babake Suad, naye akaongeza lake: akizidi tena uzito, anahamishiwa Ilford kwa rafiki yake Suad. Kwa hivyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Jina lake ni Biskuti. Suad ndiye aliyempa. Unamwitaje mtu Biskuti kisha unamnyima biskuti? Hata mahakamani sidhani kama utashinda.

2. Nyasi. Shoga yangu Bi Mize katoka Thornton Heath, kabadilisha treni na mabasi kuja kuniona, akamkuta mwenzangu Biskuti anatafuna nyasi kavu. Alinivuta jikoni akaninong'oneza akiuliza kama hali ya nyumbani imekuwa mbaya. Aliporudi kwake akapiga simu kuuliza kama atuletee mchele. Nimeaibika, Daktari, wala sifichi.

3. Nikifungua friji tu, anapiga mbinja. Si mbinja ya mchezo, nyumba ya pili wanasikia. Jirani yetu Bwana Balbir keshaniuliza kama sote tu salama. Nimjibu nini? Kwamba daktari kakataza?

4. Hili ndilo kubwa. Watu wote wa nyumba hii wanaondoka asubuhi, wa kazini kazini, wa skuli skuli. Tunabaki sisi wawili. Saa saba mchana nikipakua wali wangu, yeye kasimama kwenye waya wa kizimba chake ananitazama. Mimi sikulelewa kula mbele ya mtu bila ya kumkaribisha. Namkaribisha, anakubali, namuwekea kidogo. Huo unene ulioupima wewe ni adabu, mwanangu. Sasa mwataka nile peke yangu kama mwizi? Na akipelekwa Ilford, nitamkaribisha nani?

Kwa hivyo naomba moja katika haya: umruhusu tonge la wali na kipande cha mkate wa kumimina, ule wetu mtamu wa mchele, kila siku, na siku ya Idi umuongezee, au uje mwenyewe saa saba mchana, umweleze uso kwa uso, mimi niko pembeni nakula. Yote mawili yakikushinda, niandikie na mimi nihamie Ilford. Sili sana, na vyombo naosha.

Nisalimie mamako, wasichana wa mapokezi, na yule paka mwenye kola ya plastiki shingoni aliyenikodolea macho pale mapokezi nilipokuwa namngoja Suad, kana kwamba tuliwahi kugombana.

Wako mwenye uchungu,
Bi Kijakazi Hamad

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu nimemjaribu, ili barua iwe na ushahidi. Nimemuwekea mkate wa kumimina, mwororo, wa iliki. Kaunusa, kaupa mgongo, karudi kwenye majani yake mabichi ya kotmiri. Nimekasirika! Halafu nimetandika mkeka nikakaa kando yake, nikachukua kotmiri nikala naye. Kasogea kidogo, kanipisha. Ikitiwa ndimu na chumvi si mbaya. Basi nieleze tu: kwa mtu mzima, kotmiri ni vikombe vingapi kwa siku?