Nyumba Yangu Si Mikoko

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Picha za Angani,

Mheshimiwa,

YAH: KUHESABIWA KUWA MSITU ILHALI NINA MKE, WATOTO WAWILI NA MAMA MKWE

Natumaini hujambo, na mashine yako iliyoko huko juu nayo haijambo. Mimi ni kinyozi. Naishi nyumba ya mwisho mtaani, pale barabara inapoishia kwenye tope la bahari. Nakuandikia kwa unyenyekevu, ingawa nina hasira mpaka jana nimemnyoa mteja nyusi.

Wataalamu wako walipokuja kwenye mkutano wa mtaa walibandika ukutani ramani iliyotokana na picha za setilaiti, ya kuonyesha wapi mikoko imekatwa na wapi imebaki. Nikaitafuta nyumba yangu, sikuiona. Mahali ilipo pamepakwa kijani, na pembeni pameandikwa: mikoko, afya njema, hakuna mabadiliko. Mtaa mzima ukanigeukia. Tangu siku hiyo mke wangu ananiita Bwana Msitu, tena mbele ya wateja.

Ukweli ni kwamba paa langu limefunikwa na maboga. Mke wangu aliyapanda, yakatambaa, nami nikayasaidia kupanda juu kwa kamba, kwa ajili ya kivuli tu. Wapo wanaosema niliyapandisha baada ya mteja mmoja kuniambia kitini kwamba setilaiti haioni kilicho chini ya majani. Watu hawakosi la kusema. Kiwanja nilikikuta wazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ripoti yenu inasema kipande hicho kinakinga pwani na mawimbi, kinasafisha maji, kinahifadhi hewa ukaa na kulea samaki wachanga, na kwamba huduma hizo zina thamani ya fedha nyingi kila mwaka. Mheshimiwa, kama kazi yote hiyo inafanyika kwangu, mbona sijaona mshahara? Kulea samaki sikatai. Bamvua iliyopita, bahari ilipojaa kupita kiasi, tuliwakuta chini ya kitanda, na kweli walikuwa wachanga.

2. Kesho yake nilifika ofisini kwako kuomba mifuko ya mchanga, suruali bado inachuruzika. Karani wa dirishani, binti mwenye adabu zake, akatazama kompyuta akaniambia, "Baba, hapo kwako maji hayawezi kuingia. Kuna mikoko." Nikamwonyesha suruali. Akanipa pole, akasema labda nimekanyaga dimbwi njiani.

3. Sheria inakataza kuusumbua msitu wa mikoko. Basi kama mimi ni msitu, nilindwe kama msitu. Mama mkwe, ambaye amehamishia godoro lake juu ya meza ya chakula, hunisumbua asubuhi na jioni. Anasema mikoko ndiyo iliyokuwa mlango wa bahari, nami nikaubandua kwa panga langu mwenyewe, na kwamba majuto ni mjukuu. Panga ninalo, lakini ni la nyasi. Naomba ashtakiwe, au angalau aandikiwe onyo lenye mhuri.

4. La nne halina mzaha. Bamvua kubwa inakuja mwezi ukiandama, na ukuta wa chumba cha watoto umeanza kulainika; nikiugusa unabaki kidoleni. Naogopa, Mheshimiwa. Sina nyumba nyingine.

Kwa hiyo naomba utume mtu aje kwa miguu yake, atazame kwa macho yake, anifutie ule ukijani na kuniletea mifuko ya mchanga. Hata kichwa hakinyolewi kwa kutazama utosi tu. Lazima umzunguke mtu, umwinamishe, uone na kisogo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa binti wa dirishani, na umwambie suruali imekauka. Msalimie na anayeiongoza setilaiti.

Ni mimi, mwananchi wako asiyeota majani,
Kinyozi wa nyumba ya mwisho

N.B. Kabla sijapata bahasha, bamvua imefika. Namalizia barua hii nikiwa juu ya paa pamoja na familia yote, godoro likiwemo. Maboga yamekufa kwa chumvi, bati liko wazi, kwa hiyo picha ijayo mtatuona vizuri. Wale watano si ndege. Mtu wa miguu msimtume tena. Tumeni mwenye boti, naye nitamkabidhi barua hii. Mama mkwe ananiamuru niongeze, na hapa juu sina pa kukimbilia, kwamba ramani yenu haikukosea hata kidogo: mikoko ipo palepale, ndiyo boriti na nguzo za paa hili tulilokalia, na mpaka sasa ndiyo peke yake inayotukinga na bahari.